Kichaa cha mbwa: tunaua mbwa, ugonjwa unabaki

Mbwa mmoja anapouma watu wawili au watatu katika kata fulani ya mji wa Butembo, mambo hufuatana kwa namna ileile kila mara. Vijana wanachukua fimbo na mawe, mbwa anafukuzwa kutoka parseli hadi parseli mpaka anaangushwa, mzoga unatupwa mtoni au kwenye shimo la takataka. Kesho yake linatoka tangazo: kila mbwa atakayeonekana barabarani auawe. Kwa siku tatu au nne mbwa wanapigwa, wengine wanafichwa jikoni na wenye kuwafuga. Kisha kimya. Baada ya miezi michache mbwa mwingine anauma katika kata jirani, na kwenye redio zetu tangazo lilelile linasomwa tena, mara nyingine bila kubadilishwa hata neno.

Maoni yangu ni haya: kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa. Kinachokimaliza ni kuchanja mbwa, wengi kwa pamoja, kila mwaka. Na kazi hiyo hatuna sababu ya kuingoja yote kutoka Kinshasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wanaoweza kuifanya wanaishi hapa hapa kati yetu.

Najua wapo watakaoniuliza: inchi iko vitani, watu wanauawa mashambani upande wa Beni, familia zilizokimbia Kanyabayonga tangu mwaka 2024 bado zinahangaika Lubero na Butembo, na wewe unatuletea habari za mbwa? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba vita haviko mikononi mwa chefu wa kata wala mwa mama anayefuga mbwa mmoja wa kulinda mbuzi wake. Kichaa cha mbwa kiko mikononi mwao. Tena vita vyenyewe vinakiongezea nguvu: watu wakikimbia usiku, mbwa anabaki. Mbwa aliyeachwa hana wa kumlisha wala wa kumfunga, anatembea mbali kutafuta chakula na kupigana na wenzake. Anayekimbia na mbwa wake naye anampeleka mahali ambapo hakuna anayejua kama aliwahi kuchanjwa.

Ugonjwa unaotembea polepole

Kichaa cha mbwa, ambacho wengi wetu tunakiita kwa jina la Kifaransa, raji, kinatokana na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, mate yanaingia kwenye kidonda. Kutoka hapo virusi vinafuata mishipa ya fahamu, polepole, kuelekea ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kufika mwaka mzima. Jeraha likiwa usoni au kichwani njia ni fupi zaidi, na watoto ndio wanaoumwa huko mara nyingi, kwa sababu kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa.

Hapo ndipo ubaya wa ugonjwa huu ulipo. Kidonda kinapona. Mtoto anarudi shuleni, anacheza mpira, anatumwa kuteka maji. Nyumbani wanasahau. Siku ugonjwa unapojitokeza, homa inaanza, mahali palipoumwa panawasha au pana ganzi, usingizi unapotea. Kisha mgonjwa anashindwa kumeza maji, hata kuyaona tu kunamshtua koo, na upepo mdogo ukimpiga usoni anaruka. Wengine hawapigi kelele wala kufanya fujo, wanalegea tu viungo mpaka wanapooza, na kwa hao ugonjwa hautambuliwi upesi. Familia nyingi zinadhani ni kulogwa. Mgonjwa anapelekwa chumba cha maombi, au kwa mfumu, na anapofikishwa hospitali hakuna tena cha kufanya isipokuwa kumpunguzia maumivu. Dalili zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Na katika kila watu mia wanaoambukizwa, 99 wameambukizwa na mbwa. Hesabu hiyo ya mwisho inatuonyesha mlango wa kufunga: ugonjwa ukikatika kwa mbwa, umekatika karibu wote kwa binadamu.

Dawa ya kuuzuia si ngeni. Mwezi wa Julai mwaka 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo imepita miaka zaidi ya 140. Watoto wetu wanakufa kwa ugonjwa ambao kinga yake ilipatikana kabla babu wa babu zao hawajazaliwa.

Kwa nini fimbo haitoshi

Anayetaka mbwa wote wauawe si mtu mbaya. Ana hofu, na ana watoto. Lakini tuangalie kinachotokea baada ya mbwa kuuawa.

Kwanza, hatuwamalizi. Mwenye mbwa anayempenda, au anayemtegemea kulinda mifugo na duka, anamficha au anampeleka kwa shemeji yake kijijini. Kama mbwa huyo alishaambukizwa, tangazo letu limempandisha ugonjwa kwenye pikipiki na kuupeleka Lubero. Pili, nafasi ya mbwa aliyekufa haikai tupu. Takataka za soko bado zipo, nyumba bado inataka mlinzi, na mbwa jike mmoja anazaa watoto wengi. Baada ya mwaka mmoja idadi imerudi, na safari hii ni mbwa wadogo wasiochanjwa hata mmoja. Tatu, fimbo haichagui. Inaua mbwa mwenye kichaa, na inaua pia yule aliyechanjwa mwaka jana kwa pesa za mwenyewe. Kila mbwa aliyechanjwa ni tofali katika ukuta unaotukinga, na sisi tunabomoa ukuta kwa mikono yetu.

Wengine walishajaribu njia hii kwa nguvu kuliko sisi. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliingiliwa na ugonjwa mwaka 1997. Serikali ikaua mbwa kwa wingi sana. Ugonjwa ukaendelea. Mwaka 2008 ukafika kisiwa kingine cha inchi hiyo, Bali. Hapo pia walianza kwa kuua, na ndani ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeenea kisiwa kizima. Walipogeuka na kuchanja mbwa wa kisiwa chote, vifo vya watu vikaanza kushuka.

Hata kwa ugonjwa mwingine kabisa somo ni lilelile. Brazil kuna ugonjwa uitwao leishimaniozi, unaoenezwa na nzi wadogo wa mchanga. Nzi hao humuuma mbwa mgonjwa, kisha binadamu, na aina yake inayoshambulia wengu na ini huua ikiwa haikutibiwa. Kwa miaka mingi serikali ya Brazil ilipima mbwa na kuwaua waliokutwa na ugonjwa. Watafiti wengi waliofuatilia kazi hiyo waliona faida yake ni ndogo: mbwa waliouawa walibadilishwa upesi na watoto wa mbwa, nao wakaumwa na nzi walewale. Sasa wanawavisha mbwa mikanda ya shingoni yenye dawa ya kuwafukuza nzi. Magonjwa ni mawili tofauti, lakini yote mawili yanaonyesha kwamba ukimwondoa mbwa na kuuacha mwendo wa ugonjwa kama ulivyo, umepoteza mbwa na ugonjwa unao.

Sasa tuone waliofaulu. Mexico ilianza mwaka 1990 kuchanja mbwa bure, kwa mamilioni, mwaka hata mwaka. Mwaka 2019 OMS ilithibitisha kwamba inchi hiyo imemaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Haikuua mbwa wake wote, na mpaka leo mbwa wamejaa Mexico.

Mtu atasema Mexico ni tajiri. Basi twende N'Djamena, mji mkuu wa Chad, inchi ya Afrika ya Kati kama sisi, yenye vita kama sisi na Kifaransa kama sisi. Mwaka 2012 na tena mwaka 2013 walichanja mbwa wa mji mzima. Walifikia karibu mbwa saba katika kila kumi. Maambukizi kati ya mbwa mjini yakakatika kwa miezi mingi. Baadaye ugonjwa ulirudi, ukiletwa na mbwa kutoka nje ya mji. Kwa hiyo N'Djamena inatufundisha mambo mawili: mji wa Afrika unaweza, na mji mmoja peke yake hautoshi. Butembo ikichanja bila Beni, bila Lubero na Musienene, tutakuwa tumefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Hiyo saba kwa kumi haikuokotwa. Mbwa mwenye kichaa kwa wastani huambukiza mbwa mmoja mwingine, pengine wawili, kabla hajafa. Si kama surua inayoruka toka mtoto mmoja hadi darasa zima. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa, yule mgonjwa kila anayemuuma mara nyingi anamkuta amekingwa, na ugonjwa unakufa naye. Hatuhitaji kumkamata kila mbwa wa Kivu.

Na wanyama wa pori?

Sisi wa sehemu hii tunaishi karibu na mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Tunazoea kufikiri kwamba magonjwa yanatoka porini kuja kwetu, na baada ya Ebola nani atatulaumu? Lakini kwa kichaa cha mbwa mwendo unaweza kuwa kinyume: mbwa wetu ndio wanaopeleka ugonjwa porini.

Tazama Ethiopia. Katika milima ya Bale wanaishi mbwa mwitu wa aina isiyopatikana inchi nyingine yoyote, na waliobaki ni wachache, mamia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena mwaka 2003, kichaa cha mbwa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji kiliua sehemu kubwa ya makundi yao. Serengeti, Tanzania, ugonjwa huohuo ulikutwa kwa mbwa mwitu ambao makundi yao yalipotea karibu na mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye virusi vingine vya mbwa, vya ugonjwa wa distempa, viliingia Serengeti hiyohiyo na kuua karibu theluthi moja ya simba wake. Watafiti waliofuatilia kichaa cha mbwa kando ya Serengeti walikuta kwamba mbwa wa vijijini ndio wanaoufanya ugonjwa uendelee. Mbweha na wengine wanaupata kutoka kwao, na ukikatika vijijini, porini hausimami wenyewe kwa muda mrefu.

Nani kati yetu hajui kwamba mbwa wanaingia Virunga na wawindaji, kutega na kufukuza? Na vijiji vya wavuvi vya Ziwa Edward, kama Vitshumbi na Kyavinyonge, viko ndani ya mbuga yenyewe. Simba wa Virunga ni wachache. Mashirika yanayotumia pesa nyingi kulinda wanyama yangepaswa kuona kwamba sindano kwa mbwa wa kijiji kilicho mpakani ni ulinzi wa mbuga pia, na ni ulinzi ambao mkaaji hataupinga, maana mtoto wake anakingwa pamoja na simba.

Tumeshafanya makubwa kuliko haya

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni hii: chanjo inataka baridi, sisi hatuna umeme. Naijibu kwa kumbukumbu ambayo kila mtu wa Butembo anayo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa hapa Kivu ya Kaskazini. Ilidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu 2,287. Chanjo iliyotumika wakati ule ilipaswa kuhifadhiwa kwenye baridi kali, nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi. Hata hivyo ilifika Mangina, ilifika Katwa, ilipandishwa kwenye pikipiki mpaka vijiji ambavyo gari halifiki, na watu zaidi ya laki tatu walichanjwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inataka frigo ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8, ileile inayotunza chanjo za watoto katika vituo vyetu vya afya. Watafiti wanaofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa ilibaki na nguvu zake hata baada ya kukaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25. Hapa Butembo, juu mlimani, wengi wetu tunalala na blanketi mbili. Basi tusizungumze tena habari ya baridi.

Ebola ilitufundisha jambo lingine, chungu. Februari 2019 vituo vya matibabu vilichomwa Katwa na Butembo. Watu waliona magari makubwa na wageni wengi, hawakuelezwa vya kutosha, wakajaa mashaka. Kampeni ya mbwa isianze kwa njia ile. Ianze kwa nyumbakumi.

Watu tunao

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapa mjini, kina kitivo cha udaktari wa mifugo. Miji mingapi ya Kongo ina bahati hiyo? Wanafunzi wa miaka ya mwisho wanaweza kuchanja mbwa chini ya walimu wao, na kwao ni mazoezi ya kazi. IPAPEL ina waganga wa mifugo katika wilaya. Komini zetu nne, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, zina machefu wa kata, na kila chefu ana nyumbakumi wake. Kuna makanisa na misikiti ambako tangazo la Jumapili au Ijumaa linasikika kuliko letu la redioni. Kuna shule, ambako mtoto akiambiwa leo, jioni nyumba nzima imejua.

Napendekeza hivi. Nyumbakumi wahesabu mbwa, nyumba kwa nyumba, bila kuandika jina la mtu kwa ajili ya kodi wala faini, maana wenye mbwa wakinusa kodi, mbwa wote watapotea siku hiyo. Siku ya salongo iwe siku ya chanjo: kila kata ichague uwanja mmoja, mwenye mbwa amlete na kamba. Wasioweza kuja wafuatwe nyumbani siku ya pili. Mbwa aliyechanjwa awekewe alama ya rangi mgongoni na mwenyewe apewe karatasi. Kazi hiyo irudiwe kila mwaka, kwa sababu kila mwaka mbwa wengine wanazaliwa na wengine wanakufa. Tarehe tayari ipo: 28 Septemba, siku Pasteur aliyofariki mwaka 1895, ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Na mbwa wasio na mwenyewe? Wapo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani. Katika miji mingi ya Afrika ambako mbwa wamehesabiwa, wengi wa wale wanaozurura wana nyumba, ila nyumba haina ua wala kamba. Muulize mtoto yeyote wa mtaa wako mbwa yule mwekundu ni wa nani. Atakutajia.

Tubaki na swali la pesa. OMS inakadiria kwamba kumtibu mtu mmoja aliyeumwa, pamoja na usafiri na siku za kazi anazopoteza, hugharimu wastani wa dola 108. Mkulima wa maharagwe wa Lubero atazitoa wapi? Anauza mbuzi, anakopa, au anaacha na kuomba Mungu. Chanjo ya mbwa mmoja ni dola chache tu. Kwa pesa za kumtibu mtu mmoja unachanja mbwa wa mtaa mzima. Mwenye uwezo alipe kidogo, maskini asilipe, na baki lake litoke kwenye bajeti ya komini. Kodi za soko tunalipa kila siku.

Kinshasa nayo ina deni lake. Tangu mwaka 2024 shirika la Gavi limeanza kupokea maombi ya inchi zinazostahili, ili lizisaidie kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Wabunge wetu wanaorudi jimboni kutusalimu waulizwe: ombi la Kongo limefikia wapi, na sindano zitafika lini katika maeneo yetu ya afya? Ulimwengu umejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole.

Ukiumwa leo

Kampeni haijaanza, na mbwa hawatungoji. Kwa hiyo yashike haya na umwambie jirani.

Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Ni muda wa kuimba nyimbo tatu nzima za kanisani. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kufulia. Wengi wanaosha dakika moja na kuacha, kumbe sabuni na maji ndiyo dawa ya kwanza ambayo kila nyumba inayo. Usiweke jiwe jeusi. Usiweke pilipili, majivu, mafuta taa wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Uliza habari ya chanjo. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, nyingine siku ya tatu, nyingine siku ya saba, na kwa mpango mwingine kuna ya mwisho baadaye. Usiache katikati kwa sababu unajisikia mzima. Kujisikia mzima hakumaanishi kwamba umepona. Kama damu imetoka, muulize muganga pia kuhusu seramu inayowekwa kwenye kidonda chenyewe.

Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungwa bila hatari, asiuawe mbiombio. Afungwe na kuangaliwa siku kumi. Akibaki mzima siku zote kumi, hakuwa na virusi katika mate siku alipouma, na muganga anaweza kuzisimamisha sindano zilizobaki. Tukimuua na kumtupa mtoni, tumetupa pamoja naye jibu tulilolihitaji. Wewe lakini usingoje siku hizo kumi ndipo uende kuchanjwa: anza sindano, mbwa aangaliwe. Na mbwa aliyekufa kwa kichaa hachunwi wala haliwi. Azikwe, na aliyemshika anawe vizuri.

Wapo watakaosoma haya na bado watachukua fimbo siku mbwa mwenye mate mdomoni atakapoingia mtaani kwao. Siwezi kuwalaumu, mbwa aliyeshikwa na kichaa tayari ni wa kufa. Ninachokataa ni kuifanya fimbo iwe ndiyo mpango wetu wote wa afya, mwaka baada ya mwaka, huku chuo cha mifugo kiko mjini petu na frigo ziko kwenye vituo.

Basi tuanze na kitu kisichotaka pesa. Nyumbakumi wako anajua kuna mbwa wangapi katika nyumba zake? Muulize wiki hii. Kama hajui, zungukeni pamoja mkawahesabu, kisha mpelekeeni chefu wa kata hesabu hiyo. Siku meya atakaposema hana habari za kutosha kuandaa chanjo, mtamwekea karatasi mezani.